Boneti ya kaboni na chumvi ya Mombasa

Wenye boneti au spoila za gari za kaboni (kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichogandishwa kwa gundi ngumu) hapa Mombasa, msiangalie mng'ao tu, tazameni bolti. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini au chuma cha kawaida kwenye unyevu huu wa chumvi, kinacholiwa ni kile chuma. Utaona unga mweupe ukizunguka tundu la bolti ya alumini, kisha rangi pembeni inaanza kufura. Weka bolti za stenlesi na washa za plastiki ili kaboni na chuma visigusane.

Kabla hujamlipa fundi wa bodi, gongagonga paneli kwa sarafu. Penye sauti butu huenda tabaka zimeachana ndani, na hapo puti (ile ya kujazia mashimo) ni kuficha tu. Panataka kitambaa cha kaboni na epoksi, ile gundi ngumu.

Kama ni klia (rangi angavu ya juu) tu imegeuka manjano kwa jua, msasa wa maji namba 1000, polepole, na barakoa usoni. Maji ya msasa yakianza kuwa meusi, simama: umeshafika kwenye nyuzi za kaboni. Halafu pigisha klia yenye kinga ya jua. Nta peke yake haitoshi, hata muuzaji aseme nini.