Mwanafunzi wa fildi, tofauti ikikataa kuisha

Kwenye ofisi ndogo ya uhasibu, kazi ya kwanza mara nyingi ni kulinganisha daftari la fedha la mteja na taarifa ya benki. Anza na salio la mwanzo. Lisipokubaliana na ulinganisho wa mwezi uliopita, usiendelee, kosa liko nyuma. Kisha tia tiki kila muamala unaoonekana pande zote mbili. Vinavyobaki huwa hundi ambazo benki haijalipa, fedha zilizopelekwa lakini hazijaingia, na makato ya benki ambayo mteja hakuyaandika.

Bado kuna tofauti? Igawe kwa 9. Ikigawanyika bila kubakiza, huenda tarakimu zimepishana: 5,400 imeandikwa 4,500, tofauti 900. Isipogawanyika, igawe kwa 2 utafute kiasi hicho; huenda kiasi cha debiti (upande wa fedha zinazoingia kwenye daftari) kimeingizwa krediti (upande wa zinazotoka). Usiizibe kwa "matumizi mengineyo" hata ikiwa ndogo, maana makosa mawili makubwa yanaweza kufutana yakaacha vijisenti tu. Na andika maana ya kila alama ya tiki uliyotumia chini ya karatasi. Msimamizi mwenye rundo la mafaili hakuulizi, anakurudishia kazi tu.