Ukitaka kumjua mlembe, anza na masikio

Watu wengi huku Nakuru wananiambia hawajawahi kuona mlembe, yule ndege anayeongoza watu hadi kwenye asali, nawaambia mmemwona sana tu, mlidhani ni shomoro amenenepa. Ni wa sentimita 20 hivi, mgongo kahawia, hana mbwembwe. Dume ana koo jeusi, doa jeupe shavuni na mdomo wa pinki, jike amefifia, na mlembe mchanga ana kifua cha manjano hadi unadhani ni ndege mwingine kabisa. Usijichoshe na rangi. Subiri aruke, manyoya ya pembeni ya mkia ni meupe pe.

Lakini sauti ndio kila kitu. Akitaka umfuate anapiga kelele kaa mtu anatikisa kibiriti chenye njiti chache, anaruka mti wa mbele, anatua, anaanza tena, na wewe unaenda pole pole ukipiga mluzi ajue bado uko. Akinyamaza na asitoke hapo, acha kumwangalia yeye, angalia mashimo ya miti, tafuta nyuki wanaoingia na kutoka. Mara moja chini ya Menengai nilimfuata karibu nusu saa, kumbe ananipeleka kwa mzinga wa jirani! Waborana huko kaskazini walipimwa muda wanaotumia kutafuta nyuki, matokeo yakatoka 1989: bila ndege ni karibu masaa 9 kupata nyuki, wakiwa na ndege ni masaa 3 na kidogo.

Anachotaka ni nta, tumbo lake linaisaga, pamoja na mabuu ya nyuki, na wadudu wengine pia anakula. Wewe una shoka na moshi, yeye hana, kwa hivyo ukirina mwachie kipande cha sega mahali wazi. Wazee husema ukimnyima, siku nyingine anakupeleka kwa chui. Mimi huwa namwachia tu.

Kiota chake usitafute, hana. Jike hutaga kwenye mashimo ya ndege wengine kama keremkerem (wale wanaokula nyuki), vigogota, hudihudi, na mara nyingi anatoboa mayai anayoyakuta. Kinda lake linaanguliwa kipofu, uchi, lakini mdomo una ndoano kali na linauma watoto wa mwenye nyumba mpaka wafe, na mwenye nyumba anaendelea kulilisha! Kwa hivyo ukiona mashimo ya keremkerem kwenye kingo za udongo kuelekea Gilgil, kaa mbali, tulia, na usiingize mkono, kuna nyoka.