Namna ya Kutengeneza Milio ya Filamu za Anga za Juu za Miaka ya 1950

Anayetaka kutunga muziki unaofanana na ule wa filamu za kale za kubuni za kisayansi mara nyingi hukimbilia kutafuta sinteza, yaani chombo cha kielektroniki cha kuunda sauti, yenye sauti zilizokwisha kupangwa, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu watunzi wa wakati ule hawakuwa na orodha ya sauti za kuchagulia. Walikuwa na saketi, vinasa sauti vya utepe na masikio yao, wakaiacha tabia ya mtambo isikike ndani ya muziki. Kompyuta yenye programu ya kawaida ya kuhariri sauti inatosha, ilimradi tabia hiyo iheshimiwe.

Anza na theremini, chombo alichokibuni Lev Termen nchini Urusi mnamo mwaka 1920. Mpigaji hakigusi: mkono mmoja husogea karibu na antena iliyosimama wima ili noti ipande, na mwingine husogea karibu na antena ya kitanzi ili sauti ipungue. Kwa kuwa hakuna vibao wala nyuzi, noti haiwezi kuifikia nyingine bila kuteleza, isipokuwa mpigaji aizime kwanza kwa mkono wa pili. Kwa hiyo chagua wimbi laini lisilo na kona, weka mtelezo kati ya noti na noti, kisha ongeza mtetemo wa mara 5 au 6 kwa sekunde, lakini uucheleweshe mpaka noti iwe imetulia. Mtetemo unaoanza pamoja na noti husaliti kompyuta papo hapo. Theremini ikiachwa peke yake huchekesha upesi kuliko inavyotisha. Bernard Herrmann, katika filamu ya The Day the Earth Stood Still ya mwaka 1951, alitumia theremini mbili pamoja na fidla ya umeme, ogani na vyombo vya kupuliza vya shaba, na nionavyo mimi, hofu yote iko kwenye zile sauti nzito za chini. Weka basi noti ndefu ya besi chini ya mtelezo wako.

Hatua inayofuata ndiyo yenye utajiri zaidi. Louis na Bebe Barron walitunga muziki wa Forbidden Planet, filamu ya mwaka 1956, bila chombo hata kimoja cha okestra. Walijenga saketi wakiongozwa na mawazo ya mwanahisabati Norbert Wiener kuhusu mifumo inayojiongoza, wakazilisha umeme kupita kiasi, wakanasa vilio vyake mpaka zilipoungua, na saketi iliyokwisha kufa hivyo haikuweza kurudia ilichokisema. Katika orodha ya majina ya filamu kazi yao haikuitwa muziki, bali toni za kielektroniki.

Ili kuukaribia mlio huo, tumia moduleta ya ringi, ambayo huzidisha mawimbi mawili na kutoa jumla na tofauti ya masafa yake. Ukiingiza 440 Hz (yaani mitetemo 440 kwa sekunde) na 100 Hz, hutasikia hata moja kati ya hayo. Utasikia 540 Hz na 340 Hz, sauti mbili zisizo na undugu wa kimuziki, na ndiyo maana mlio hufanana na kengele ya chuma kisichojulikana. Sogeza wimbi la pili polepole wakati la kwanza limetulia: sauti moja itapanda huku nyingine ikishuka. Peleka matokeo kwenye mwangwi unaojirudishia wenyewe, uongeze kiasi cha kurudisha hadi mlio uanze kujilisha na kupasuka, kisha ukipunguze kabla haujatawala kila kitu. Vua vipokea sauti vya masikioni kwanza, na uweke kidhibiti cha kilele (limiter), yaani zana inayozuia sauti isivuke kiwango ulichoweka, maana sauti hiyo hupanda ghafla. Nasa dakika nyingi mfululizo, kisha usikilize na kukata vipande vichache vyenye uhai.

Vipande hivyo vichezee kama utepe. Ukipunguza kasi kwa nusu, sauti hushuka oktava moja na urefu huongezeka maradufu. Kwa hiyo chagua amri ya kubadili kasi, si ile ya kubadili noti peke yake, kwani hiyo ya pili huondoa uzito ambao utepe uliupata bure. Geuza baadhi ya vipande vicheze kinyumenyume.

Mwishoni, unapopanga milio chini ya picha, usitenganishe muziki na sauti za mitambo ya chombo cha angani. Kina Barron walifanya yote mawili kwa saketi zilezile, hivyo mtazamaji hakujua kama anasikia injini, mnyama au wimbo. Changanya kila kitu katika njia moja ya sauti badala ya mbili za kushoto na kulia, upunguze masafa ya juu sana, na uache nafasi tupu pale wahusika wanapozungumza.