Buibui wa mikia miwili: mwacheni kwenye shina la mwembe

Kagua shina la mwembe mkubwa polepole, ukilitazama kwa ubavu badala ya mbele. Ukiona kitu bapa kimejibana kwenye gome, kichwa chini, rangi ileile ya gome, angalia nyuma ya tumbo lake. Vikichomoza vijiti viwili vyembamba mfano wa mikia, huyo ni buibui wa familia ya Hersiliidae.

Vijiti hivyo ndivyo viungo vyake vya kutolea uzi. Buibui wengi wanavyo vifupi, vimefichika chini ya tumbo. Vya huyu vimerefuka hata kukaribia urefu wa tumbo lenyewe, na vitundu vya uzi vimejipanga upande wa ndani. Hafumi wavu wa kunasia. Sisimizi, nzi au nondo akipita, buibui humgeuzia mgongo na kumzunguka mbio, uzi ukimbana papo hapo juu ya gome. Akishafungwa ndipo anang'atwa. Tazama pia miguu: jozi ya tatu ni fupi mno, nyingine zote ndefu.

Jenasi ya Hersilia, kundi mojawapo ndani ya familia hii, ilipewa jina na mtaalamu Mfaransa Audouin mwaka 1826, na familia nzima ina zaidi ya spishi 150, wengi wa nchi za joto, Afrika ikiwemo. Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka jirani na Oecobiidae, vibuibui vya kwenye kuta za nyumba, ambao nao huwinda kwa kuzunguka.

Kwa mkulima, kujua familia ni kujua mahali pa kumlinda. Huyu anaishi shinani, hata mayai huyabandika kwenye gome. Kwa hiyo unapopulizia dawa ya wadudu kwenye maua au majani, usielekeze bomba kwenye shina bila sababu. Usichome takataka chini ya mti, wala usibandue magome yaliyo mazima ili tu mti uonekane nadhifu. Peke yake hamalizi wadudu waharibifu. Fukusi wa kokwa la embe, kwa mfano, bado utamdhibiti kwa kuokota maembe yaliyoanguka na kuziharibu kokwa zake. Kwenye mikorosho, majimoto, aina ya sisimizi wakali, ndio walinzi wakubwa dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, nao majimoto wasiguswe.

Wachumaji wasimwogope. Hajulikani kuwa na sumu ya kumdhuru mtu, na ukimkaribia hukimbilia upande wa pili wa shina.