Mdogo kwanza, mkubwa baadaye

Kwa mnaosomesha watoto wa rika tofauti nyumbani: msianze na mkubwa. Mkianza naye, mdogo atapanda juu ya daftari lake na somo litaishia hapo. Baada ya chai ya asubuhi, mpakate yule wa miaka 4 kwa dakika 10 hivi, herufi mbili tatu na hadithi moja. Akishashiba kuangaliwa, ataenda kucheza mwenyewe. Hapo ndipo ziingie hesabu za wakubwa, maana kwa joto letu la Tanga, ikifika saa sita hakuna kichwa kinachogawanya kitu. Alasiri wengine wana chuo cha Kurani, msiwabebeshe somo jipya.

Saa isiwatawale, shikeni mfuatano tu. Na masomo kama sayansi wasome pamoja, kila mmoja kwa kiwango chake: mkienda Mapango ya Amboni, mdogo achore popo, wa kati aandike sentensi tatu, mkubwa aeleze maji yanavyoyala mawe ya chokaa. Maandalizi ni yale yale mamoja. Ijumaa kwetu madaftari hayafunguliwi. Mkubwa hupima unga wa maandazi, basi.