Goti Limepona, Hofu Bado: Mwongozo kwa Kocha

Kocha wa klabu ndogo hapa Kisumu, ambaye aghalabu hana daktari wala mwanasaikolojia kando ya uwanja, humrejesha mchezaji kwa kutazama kalenda. Kalenda ina uzito wake: kwa aliyechanika kano ya mbele ya goti na kufanyiwa upasuaji, utafiti wa Oslo na Delaware wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri zaidi, hadi miezi 9 baada ya upasuaji, ulipunguza kwa takriban nusu kiwango cha kuumia tena. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kwamba asilimia 81 walirudi kucheza, ilhali waliorudi kwenye ushindani walikuwa asilimia 55 tu, na hofu ya kuumia tena hutajwa sana miongoni mwa sababu.

Kabla hujamuuliza lolote, mtazame. Anaposubiri kona, je, ameegemea mguu usioumia? Je, hulishika goti kabla ya kukimbia? Kisha zungumza naye faraghani, kwa maana mbele ya kikosi kila mchezaji ni simba. Usimuulize kama yuko sawa, kwani atakujibu ndiyo. Muulize ni tendo gani hasa linalomtia hofu. Beki mmoja niliyemfunza alinijibu, "Kuruka si shida, kocha. Ni kutua."

Jibu hilo lilitupa kazi ya wiki sita. Tulianzia kwenye ngazi ya chini ya jukwaa: ashuke, atue kwa miguu miwili, kisha kwa mmoja. Baadaye aliruka kupiga kichwa akiwa peke yake, halafu mwenzake akisimama karibu bila kumgusa, na hatimaye wakigombania mpira. Kila siku alitaja hofu yake kati ya 0 na 10, nasi hatukupanda hatua hadi ishuke chini ya 3 mara mbili mfululizo. Kiwango hicho nilikichagua mwenyewe. Udongo mweusi wa huku huteleza ukilowa, kwa hiyo kukabana kwa mara ya kwanza kungoje siku kavu.

Anayetaka kipimo rasmi cha utayari wa kiakili atumie dodoso la ACL-RSI (ACL ni kifupi cha Kiingereza cha kano hiyo ya mbele ya goti), lililotungwa Australia mwaka 2008, lenye maswali 12 kuhusu hisia, kujiamini na jinsi mchezaji anavyoipima hatari.

Ukimwambia ajikaze, atakuficha. Goti likivimba au likilegea ghafla, usilichukulie kuwa woga. Mrudishe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kwa mechi ya kwanza, kubalianeni mapema dakika atakazocheza, pamoja na ishara ya kuomba kutoka. Akiitoa, mbadilishe mara moja, na maswali yasubiri mazoezi yajayo.