Kuifanya Kadi ya Mtandao ya Kompyuta Mpakato Ipokee Lebo za VLAN

Fundi wa mtandao anayezunguka kati ya Mafiati, Mwanjelwa na Uyole, jijini Mbeya, hukutana mara kwa mara na ofisi yenye swichi moja inayobeba mitandao mitatu: wa keshia, wa kamera za ulinzi na wa wageni. Mitandao hiyo hutenganishwa kwa VLAN, yaani mitandao pepe inayotumia swichi na kebo zilezile, kila mmoja ukiwa na namba yake, na kebo moja inayotoka kwenye ruta huibeba yote kwa pamoja. Anayetaka kujua kama kebo hiyo inabeba inachopaswa kubeba anaweza kuichomeka kwenye kompyuta mpakato yake na kuingia katika kila VLAN kwa zamu. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa kadi ya kompyuta hiyo, au draiva yake (programu inayoiendesha), huzitupa fremu (vifurushi vya data vya Etherneti) zenye lebo ya namba ya VLAN, au huzivua lebo hiyo kimyakimya, na lawama zikaiangukia swichi isiyo na kosa.

Lebo yenyewe imeelezwa katika kiwango cha IEEE 802.1Q, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Ni baiti 4 zinazopachikwa ndani ya fremu ya Etherneti, mara tu baada ya anwani ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao) ya mtumaji. Baiti 2 za kwanza hubeba thamani 0x8100, ambayo ndiyo alama kwamba fremu ina lebo. Katika 2 zinazofuata, biti 3 ni za kipaumbele, biti 1 huonyesha fremu inayoweza kuachwa msongamano ukizidi, na biti 12 ni za namba ya VLAN. Namba zinazotumika ni 1 hadi 4094, kwa kuwa 0 na 4095 zimetengwa. Fremu ambayo ukubwa wake wa juu ulikuwa baiti 1518 sasa hufika 1522, na tofauti hiyo ndogo ina matatizo yake, yatakayoelezwa hapa chini.

Kabla ya kugusa kompyuta, hakikisha lango la swichi utakalochomeka limewekwa kama tranki, yaani linatoa fremu za VLAN zote, tuseme 10, 20 na 30, zikiwa na lebo. Kwenye swichi za bei nafuu zinazosimamiwa kwa kivinjari, kuweka lango kuwa mwanachama wa VLAN na kuweka namba ya PVID ni mambo mawili tofauti: la kwanza huamua fremu zipi zinatoka na lebo, la pili huamua fremu isiyo na lebo inayoingia ipelekwe VLAN ipi. Baada ya kubadilisha, hifadhi mipangilio. Swichi nyingi za aina hiyo huishika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya muda tu, na kati ya Novemba na Aprili, radi na mvua za nyanda za juu zinapoukata umeme, mipangilio ambayo haikuhifadhiwa hupotea na kazi huanza upya.

Kwa kazi hii ninapendekeza Linux, hata kwa fundi anayetumia Windows siku zote. Flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa inatosha. Tafuta jina la kadi kwa amri ya `ip link`. Tukichukulia kwamba kadi inaitwa enp0s25 na unataka VLAN 20 ya kamera, andika:

```
sudo modprobe 8021q
sudo ip link set enp0s25 up
sudo ip link add link enp0s25 name vlan20 type vlan id 20
sudo ip addr add 192.168.20.50/24 dev vlan20
sudo ip link set vlan20 up
```

Anwani iwe ya mtandao wa ofisi husika, na iwe haitumiwi na kifaa kingine. Kadi mama, yaani enp0s25 yenyewe, haihitaji anwani yoyote ya IP. Inatakiwa tu kuwa imewashwa. Amri ya `ip -d link show vlan20` itakuonyesha kama namba ya VLAN imeshika. Kisha jaribu kupingi ruta ya VLAN hiyo, yaani kuitumia ujumbe mdogo kwa amri ya `ping` uone kama inajibu.

Usitumie jina la kadi pamoja na nukta na namba, kama miongozo mingi inavyoelekeza, ikiwa unatumia adapta ya USB. Linux hairuhusu jina la kiolesura kuzidi herufi 15, na adapta za USB mara nyingi hupewa jina linaloanza na enx likifuatiwa na tarakimu 12 za anwani ya MAC, ambalo tayari limefikia kikomo hicho. Ukiongeza .20 amri hukataliwa, na ujumbe wa kosa hausaidii sana. Jina fupi kama vlan20 huepusha usumbufu huo wote.

Pingi isipojibu, usikimbilie kubadilisha kitu. Tazama kwanza kinachofika kwenye kebo:

```
sudo tcpdump -e -n -i enp0s25
```

Alama ya -e ndiyo yenye thamani hapa, kwa kuwa huonyesha kichwa cha Etherneti. Mstari wa fremu yenye lebo utakuwa na maneno `ethertype 802.1Q (0x8100)` na mbele yake `vlan 20`. Ukiona fremu za VLAN 10 na 30 lakini si 20, kasoro iko kwenye swichi au kwenye ruta. Ukiona fremu zisizo na lebo peke yake, uko kwenye lango la kawaida, si tranki. Ukiona maombi yako ya ARP (ya kuuliza anwani ya MAC ya ruta) yakitoka na lebo ya 20 bila jibu kurudi, angalia kama ruta ina VLAN hiyo upande wake.

Kuna hali moja inayowachanganya hata wazoefu: mawasiliano yanafanya kazi tcpdump ikiwa wazi na kukatika ukiifunga. Sababu ni kwamba tcpdump huiambia kadi ipokee kila kitu, na kadi nyingi zikiwa katika hali hiyo huacha kuchuja VLAN. Hivyo kichujio cha kadi ndicho mtuhumiwa. Kitazame, kisha ukizime:

```
ethtool -k enp0s25 | grep vlan
sudo ethtool -K enp0s25 rx-vlan-filter off
```

Palipoandikwa `[fixed]` draiva hairuhusu mabadiliko. Unaweza pia kujaribu kuzima `rxvlan` na `txvlan`, ambazo huiachia kadi kazi ya kuvua na kuvika lebo; zikizimwa, kazi hiyo hufanywa na kerneli, yaani kiini cha Linux.

Zile baiti 4 za ziada hujitokeza pale ambapo pingi ndogo inajibu lakini ukurasa wa kamera haufunguki. Pima kwa `ping -M do -s 1472` ukielekeza kwenye ruta. Ikishindwa ilhali pingi ya kawaida inapita, kuna kifaa njiani kisichopokea fremu ya baiti 1522. Punguza ukubwa wa data katika kila fremu kwa `sudo ip link set vlan20 mtu 1496`, ukijua kwamba umetibu upande wako tu.

Anayetaka mpangilio udumu baada ya kuzima kompyuta atumie NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia miunganisho:

```
nmcli connection add type vlan con-name kamera ifname vlan20 dev enp0s25 id 20 ipv4.never-default yes
```

Hapa anwani itachukuliwa kwa DHCP, yaani itagawiwa na mtandao wenyewe, na sehemu ya mwisho huzuia VLAN ya kamera isiwe njia kuu ya intaneti yako.

Kwenye Windows mambo hutegemea draiva. Katika sifa za kadi utakuta kipengele cha "Priority & VLAN", ambacho kinapaswa kuwashwa, na baadhi ya draiva huongeza nafasi ya kuandika VLAN moja. Wireshark, programu ya kutazama fremu kama tcpdump, isipoonyesha lebo, hilo si ushahidi kwamba lebo hazipo, kwani huenda draiva imezivua kabla. Toleo la Pro lenye Hyper-V, sehemu ya Windows ya kuendesha mashine pepe, lina njia nzuri zaidi, kupitia PowerShell (dirisha la amri) ya msimamizi:

```
New-VMSwitch -Name Tranki -NetAdapterName "Ethernet" -AllowManagementOS $true
Add-VMNetworkAdapter -ManagementOS -Name Kamera -SwitchName Tranki
Set-VMNetworkAdapterVlan -ManagementOS -VMNetworkAdapterName Kamera -Access -VlanId 20
```

Kadi ya Wi-Fi usiihangaikie: kwa kawaida kituo cha Wi-Fi ndicho huunganisha kila jina la mtandao na VLAN yake, na lebo haziruki hewani hadi kwenye kompyuta yako.

Kompyuta iliyochomekwa kwenye tranki inaweza kuifikia mashine ya keshia na kamera kwa pamoja, kwa hiyo mwenye ofisi apewe taarifa kabla ya kazi kuanza. Ukimaliza, futa ulichounda kwa `sudo ip link del vlan20`, au `nmcli connection delete kamera` ikiwa ulitumia NetworkManager, kisha urudishe lango la swichi katika hali yake ya awali na kuihifadhi.